Barua kwa mwanangu: ile laptopu ya rangi ya waridi iache hukohuko dukani

Savei, Dar es Salaam
17 Novemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Picha zako tatu za laptopu, ukiuliza ununue ipi kwa ajili ya chuo huko Marekani, zimefika usiku wa jana. Nimeziangalia kitandani, nikaziangalia tena asubuhi kabla sijafungua duka. Ungeniuliza kwa simu ningekujibu kwa maneno matatu, ila nakujua: ungesema "sawa mama" halafu ukaenda kuchukua unayoipenda wewe. Barua haikatiki mtandao, na unaweza kuirudia ukiwa kwenye foleni.

Shangazi yako ameniambia Siku ya Shukrani mwaka huu inaangukia tarehe 27, kesho yake ndiyo hiyo Ijumaa yao ya Black Friday, ya maduka kupunguza bei, na Jumatatu tarehe 1 Desemba wanamalizia mtandaoni. Kwa hiyo bado una siku kumi za kufikiri. Zitumie.

Nianze na ile ya waridi, maana naona ndiyo iliyokukaa moyoni. Dola 149, na juu yake 299 imepigwa mstari mwekundu. Unakumbuka ile aliyotuletea mjomba wako Krismasi ya 2022, ulipokuwa umefunga shule? Nayo ilikuwa hivyohivyo, nyepesi kama sahani ya plastiki, na mjomba hakuacha kujisifu kwamba kaipata kwa bei ya kutupa. Nikaiweka kaunta, ile kubwa ya zamani nikaisogeza kule nyuma kwenye fotokopi. Miezi ya mwanzo nilikuwa namsifia mjomba kwa kila mteja.

Mwezi wa sita wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakaanza kuleta ripoti zao za kuprinti. Akaja kijana mmoja na ripoti ya kurasa mia na arobaini, imejaa picha za madaraja, na nyuma yake watu wamejipanga mpaka barazani. Nikachomeka flashi, nikabofya. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kijana akatoka kwenda kununua maji, akayanywa, akarudi, kiduara bado kinazunguka. Halafu pembeni likachomoza tangazo: nafasi imejaa, Windows haiwezi kujisasisha. Na mimi humo sikuwa nimeweka hata wimbo mmoja! Wale wa barazani wakaanza kunong'ona, mmoja akavuka barabara kwenda duka la pili, wenzake wakamfuata. Nilirudi kwenye ile kubwa ya zamani, ile uliyokuwa ukiiita trekta, nikamaliza nayo kazi ya siku.

Usiku nikaipeleka kwa fundi wa hapo jirani, anitilie ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na diski kubwa. Akafungua misumari ya chini, akapitisha kadi ya benki ya zamani pembezoni mpaka kifuniko kikaachia. Ndani, mwanangu, kulikuwa na betri, halafu bodi moja ndogo kiasi cha kiganja, na sehemu iliyobaki ni nafasi tupu. Nafasi unayoweza kuweka andazi. Fundi akagusa kwa ncha ya bisibisi kitu cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. "Mama, diski yako ndiyo hii. Na ramu ni hizi hapa. Vyote vimelehemewa kwenye bodi, hakuna tundu la kuongeza chochote." Akairudishia kifuniko na hakunidai hata shilingi. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Ndipo nikajifunza neno eMMC, na nakuomba nawe ulijue. Ni hifadhi ya jamii moja na kadi ya kumbukumbu tunayochomeka kwenye simu. Hata iliyo bora, kikomo chake ni kama MB 400 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya NVMe, yaani diski ya kisasa ya laptopu, inapita MB 2,000 bila jasho. Sasa rudi kwenye tangazo la ile ya waridi. Wameandika kwa herufi kubwa "1 TB", ukasisimka. Soma chini yake: hiyo ni nafasi ya kuhifadhi kwenye wingu, ya mwaka mmoja, inayokuja na usajili wa Office. Diski yenyewe ni eMMC ya GB 64. Mwaka ukiisha utalipia, na bila intaneti huoni kitu. Ni kama gunia la mkaa la njia ya Morogoro: juu wamekupangia vipande vinono, ukifika nyumbani ukalimimina, chini ni chenga.

Ramu yake ni GB 4. Windows 11 inadai angalau GB 4 za ramu na GB 64 za hifadhi ndipo ikubali kuingia. Ukiitazama kwa jicho hilo unaona walivyoikata hasa pale mpaka unapoishia, isibaki hata inchi moja ya kitambaa cha kuachia. Siku utakapofungua darasa la mtandaoni, kurasa tano za wavuti na ile kazi unayoiandika, itakuanza kiduara. Halafu inakuja na Windows ya S, ile isiyokubali programu yoyote isipokuwa zilizo kwenye duka la Microsoft. Ulisema chuo kina programu ya kufungia mtihani unayoipakua kwenye tovuti yao, hiyo haitaingia. Kuitoa hiyo S ni bure, na ukiitoa hairudi tena, hilo si tatizo. Ila ramu huwezi kuitoa wala kuiongeza.

Ndiyo maana siku hizi mteja akiniuliza laptopu gani anunue, simuulizi ana bei gani. Namwambia tutazame kwanza vile ambavyo hatavibadilisha mpaka aiuze: prosesa (ubongo wa kompyuta), kioo, na ramu kama imelehemewa. Diski ya SSD fundi anabadilisha dakika kumi. Betri inapatikana. Kibodi ikifa tunaweka nyingine. Hizi za bei ya sikukuu wamepunguza gharama hasa pale ambapo fundi hafiki.

Prosesa ya hiyo ya waridi ni Celeron N4500, ya mwaka 2021, yenye viini viwili tu vya kufanyia kazi. Intel wenyewe wanaoitengeneza, jina la Celeron waliliacha kwenye laptopu mpya kuanzia 2023. Kama mfuko unakubana kabisa na lazima iwe ya chini ya dola 200, basi tafuta yenye prosesa ya N100, hiyo ina viini vinne, nayo iwe na ramu GB 8 na SSD. Zipo, ila hazipigiwi tarumbeta.

Ya pili, ile ya kijivu ya dola 329, si mbaya. Ramu GB 8, SSD ya GB 256, kioo cha 1920 kwa 1080. Umeniandikia kwamba "ni Ryzen 5 ya mfululizo wa 7000, mama, ni mpya." Taratibu. Imeandikwa 7520U. Kwa AMD, wanaotengeneza hiyo Ryzen, katika mfululizo huo ile 7 ya mwanzo inakuambia mwaka wa kuingia sokoni, lakini ubongo wake unausoma kwenye tarakimu ya tatu. Hapo ni 2, maana yake Zen 2, muundo uliotoka 2019. Ingekuwa 7530U ungekuwa na Zen 3, na 7540U ni Zen 4. Tarakimu moja tu, watu wawili wamelipa bei zinazokaribiana na mmoja kaondoka na kitu kingine kabisa. Sisemi haifai kwa kazi zako. Inafaa. Ila ramu yake pia imelehemewa, kwa hiyo hizo GB 8 ndizo utakazofia nazo mpaka siku ya kuhitimu.

Ya tatu ndiyo uliyoitaja mwishoni kwa aibu kidogo, eti "kuna hii ya mtumba mama, Dell nyeusi mbaya." Latitude 5420, imekarabatiwa, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 11, ramu GB 16, SSD GB 256, dola 289, na dhamana ya mwaka mmoja. Hiyo mbaya ndiyo niliyoipenda. Laptopu za aina hiyo kampuni huzinunua kwa mamia kwa ajili ya wafanyakazi, baada ya miaka mitatu minne wanaziuza zote kwa pamoja. Nyingine zinavuka bahari mpaka Dubai na kutufikia huku Kariakoo; hii niandikiayo hapa dukani ilikuja kwa njia hiyo. Zilitengenezwa zifunguliwe. Fundi anasema 5420 ina matundu mawili ya ramu, na kifuniko cha chini kinatoka kwa bisibisi ya kawaida. Mlango wa waya wa intaneti upo. Kibodi yake ukiandika unaisikia.

Lakini mtumba ni mtumba, usiende umefumba macho. Mwezi uliopita, tarehe 14, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na kwa sababu hiyo sasa kuna mafuriko ya laptopu za zamani zinazouzwa kwa jina kubwa. Utaona "Core i7" kwa dola 120 na moyo utaruka. Tazama namba inayofuata: i7-6600U, hiyo 6 ni kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inaanzia cha nane. Bora i5 ya 8 kuliko i7 ya 6. Yako ni 1145G7, ile 11 ya mbele ndiyo kizazi, imepita.

Ukiipokea, kabla hujaibandika stika zako, iwashe. Ikikuomba uingie kwa barua pepe ya kampuni fulani usiyoijua, irudishe siku hiyohiyo. Wenye nayo wa zamani hawajaiachia. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa wenye historia ya betri. Linganisha uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyonao leo. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 80, waandikie wauzaji uombe betri nyingine au punguzo, na usione haya. Na kioo uliza kabla hujalipa: baadhi ya laptopu za kampuni zilitoka na kile cha 1366 kwa 768, chenye rangi zinazogeuka ukikaa pembeni. Mimi kioo hicho kiliniumiza kichwa miaka mitatu.

Kuhusu Mac ya rafiki yako: ni kitu kizuri, ile Air ya M1 ya 2020 mpaka leo inakimbia, na Walmart walianza kuiuza dola 699 mwezi Machi 2024. Mara mbili ya bajeti yetu bado. Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google badala ya Windows, nayo usiidharau, zilizotoka kuanzia 2021 Google wameahidi kuzisasisha miaka kumi, ila chuo chako kina orodha ya programu, kaisome kwanza.

Jambo la kodi. Huku bei ya kwenye kibandiko ndiyo unayolipa. Huko, shangazi anasema, wanakuongezea mlangoni. Jimbo la Massachusetts uliko ni asilimia 6.25, kwa hiyo hizo dola 289 zitakuwa kama 307. Anasema watu wa mji wa Lowell huvuka kwenda Nashua, jimbo jirani la New Hampshire, chini ya nusu saa kwa gari, kule kodi hiyo hakuna, na kuna jumba la maduka lililojengwa mpakani kabisa kiasi kwamba sehemu ya maegesho yake iko Massachusetts na maduka yako New Hampshire. Nilicheka. Lakini akasema pia kwamba kisheria ukirudi na bidhaa unaitumia Massachusetts kuna kodi ya matumizi ya kutangaza, kiwango kilekile. Muulize vizuri. Wewe uko kwa viza ya mwanafunzi, sitaki dola 18 zikuletee maswali.

Chaja usihangaike nayo, zote ni volti 100 mpaka 240, ukija likizo tutakupa waya wa plagi za huku kutoka kwenye lile boksi langu.

Ile ya mjomba bado ipo. Mdogo wako anaitumia kuonyesha orodha ya bei pale kaunta, faili moja tu, haifungwi usiku wala mchana. Mjomba akija hukaa akaitazama na kusema, "Si mnaona inadumu?" Nimeacha kumbishia.

Ijumaa hiyo ukienda, kipige picha kwa karibu kile kibandiko cha chini ya laptopu, kile chenye namba kamili ya modeli, na kibandiko cha bei, unitumie. Ukiwa dukani saa nne asubuhi, huku inakuwa saa kumi na mbili jioni na fundi bado hajafunga. Nimeshamwambia akae mpaka saa mbili.

Mama yako