Barua kwa Rafiki Anayeandaa Hazina ya Mahitaji ya Programu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa kazi ya kukusanya mahitaji ya mifumo yenu ya kompyuta, yaani mambo ambayo kila mfumo lazima uyatimize, katika hazina moja. Mahitaji ya kuingia kwenye mfumo, kuhifadhi nakala za data na kulinda taarifa binafsi hujirudia karibu katika kila mradi, na sioni sababu ya kuyatunga upya kila mara.

Nakusihi, hata hivyo, usiliweke hazinani hitaji lolote bila kuandika sababu yake na mazingira yaliyolizaa. Roketi ya Ariane 5, iliyoharibika angani tarehe 4 Juni 1996, ilirithi programu ya kupima mwelekeo kutoka Ariane 4, pamoja na hitaji kwamba hesabu za kuoanisha vifaa, ambazo kwa kawaida hufanywa roketi ikiwa bado ardhini, ziendelee kwa muda mfupi baada ya kuruka. Roketi ya awali ilikuwa na sababu ya hitaji hilo, lakini mpya haikulihitaji hata kidogo. Kwa kuwa kasi yake ya mlalo ilikuwa kubwa zaidi, namba iliyotokana nayo ilizidi nafasi ya biti 16 (tarakimu 16 za 0 na 1) iliyotengewa, na kifaa kikuu cha kupima mwelekeo pamoja na cha akiba, vyote vikiendeshwa na programu ileile, vikazima. Hunisikitisha sana kwamba hesabu hizo hazikuwa na kazi yoyote tena wakati huo.

Kuhusu usanifishaji, yaani kuyaandika mahitaji yote kwa mtindo mmoja, anza na kiwango cha kimataifa cha uandishi wa mahitaji, ISO/IEC/IEEE 29148, kilichotolewa mwaka 2011 na kuhuishwa 2018. Kinataka kila hitaji liseme jambo moja, lisiwe na utata, na liweze kuthibitishwa. “Mfumo uwe salama” ni maneno matupu kwa anayefanya majaribio. “Nenosiri likikosewa mara 5 mfululizo, mfumo utaifunga akaunti kwa dakika 15” linapimika. Ila katika hazina ningeziacha wazi nafasi za hizo 5 na 15, ili kila mradi ulazimike kusimama na kuamua, badala ya kunakili uamuzi wa watu waliokuwa na watumiaji wengine na hatari nyingine.

Kila hitaji lipewe pia namba isiyobadilika na mtu wa kulisimamia. Ukimaliza kuandika machache ya kwanza, nitumie niyapitie, hasa sehemu ya sababu, kwa maana ndiyo ambayo watu huiacha wakibanwa na muda.

Rafiki yako wa daima