Kwa mwanangu anayeanguka akiwaza

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba umeanguka tena, safari hii kwenye ngazi, na kwamba kifundo cha mkono kimeteguka tu, hakikuvunjika. Pole sana. Nimeambiwa pia kwamba kila aliyekuja kukuinua alikuuliza swali lile lile: macho yako yalikuwa wapi? Mimi sikuulizi. Najua yalikuwa wazi na yalitazama mbele. Wewe mwenyewe ndiye hukuwepo.

Watakuja wa kukuambia uache kuwaza. Hao wanakutaka ufanye jambo ambalo wao wenyewe hawaliwezi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ambao watu 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ya siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mawazo yao yalikuwa mbali na kile walichokuwa wakikifanya. (Watafiti hao walisema pia kwamba akili inayotangatanga huwa na furaha kidogo. Labda. Mimi nimekuona mara nyingi ukitabasamu peke yako, na sidhani wakati huo ungesikia hata simu yao ikilia.) Kabla ya hapo, mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake huko Marekani walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi mtu anapotulia bila shughuli kuliko anapokazana na kazi. Kwa hiyo wanaokuona umeutazama ukuta na kusema umelala, hawajui wasemalo.

Shida iko miguuni. Mtu akitembea, ncha ya kidole cha mguu hupita juu ya ardhi kwa nafasi ya sentimita moja au mbili tu. Ndiyo maana ukingo wa mkeka unatosha kumwangusha mtu mzima. Aliye makini huuona mapema na kuinua mguu kidogo bila hata kujua ameuinua. Aliyezama mawazoni mguu wake unaendelea na mwendo ule ule wa hatua iliyopita. Kwenye ngazi ni hatari zaidi. Ukipanda au kushuka vidato vichache vya mwanzo, mwili unashika kipimo chake na kuamini kwamba vilivyobaki ni sawasawa. Fundi akikosea kimoja, hata kwa kimo kidogo, watu watajikwaa hapo hapo miaka nenda miaka rudi. Mwisho wa ngazi nao una hila yake: unadhani umefika chini kumbe kimebaki kidato kimoja. Kwa nilivyosimuliwa, hicho ndicho kilichokuangusha.

Sasa mtazame bibi yako. Ukimwuliza jambo naye anatembea, husimama kwanza ndipo akujibu. Watafiti wa Sweden waliandika mwaka 1997 kuhusu wazee wa namna hiyo: wale waliolazimika kusimama ili wazungumze ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Maana yake kutembea nako kunataka akili, ila mwili wa kijana una akiba ya kutosha na haukuonyeshi unatumia kiasi gani. Mimi naona bibi anafanya lililo sahihi, na nakuomba umwige. Wazo zuri likikujia njiani, simama. Sogea pembeni usiwazuie wengine, liwaze mpaka ushibe, kisha endelea na safari. Kwenye uwanja tambarare waza upendavyo hata ukitembea. Lakini penye ngazi, ukingo, sakafu yenye maji au barabara ya kuvuka, yarudishe kwanza mawazo yako hapo ulipo.

Alikuwapo mwanahisabati wa Ufaransa, Henri Poincaré, aliyesimulia mwenyewe jinsi jawabu la swali lililomsumbua kwa muda mrefu lilivyomjia ghafla pale alipokanyaga kidato cha basi la farasi. Akaingia, akaketi, akaendelea na maongezi kana kwamba hakuna kitu. Kisa hiki wengi hukipenda kwa sababu ya lile jawabu. Mimi nashukuru kwamba mguu haukuteleza. Mwenzake, mwanafizikia Pierre Curie, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1903, hakuwa na bahati hiyo. Tarehe 19 Aprili 1906, mvua ikinyesha Paris, alikuwa anavuka barabara ya Rue Dauphine, akateleza, na gurudumu la mkokoteni wa farasi likampita kichwani. Waliomjua walisema alikuwa mtu wa kuzama sana katika mawazo yake. Sikuandikii haya kukutisha. Nayaandika kwa sababu watu hucheka mtu akianguka, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na umri uliopita miaka 60. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele. Nadhani hawakuwa wakizungumzia ngazi.

Utaanguka tena, nakujua. Basi jifunze kuanguka, kama wanafunzi wa judo wanavyofundishwa kabla ya kufundishwa kumwangusha mwingine. Ulichobeba kiachie, hata kikivunjika. Usiunyooshe mkono ukakauka ili kuizuia ardhi, kwa sababu uzito wote utaishia kwenye kifundo au mtulinga. Kunja viwiko na magoti, geukia upande, jiviringishe, uangukie sehemu zenye nyama. Ukianguka kwa nyuma, kidevu kiguse kifua ili kisogo kisipige chini. Ukishaanguka usiinuke upesi kwa aibu. Lala kidogo, jikague, ndipo uinuke.

Kichwa kikigonga, hapo hakuna mjadala. Ukitapika, ukisinzia isivyo kawaida, maumivu ya kichwa yakizidi, maneno yakikuchanganya au ukaona vitu viwiliviwili, uende hospitali saa hiyo hiyo, na usiende peke yako. Waambie na wenzako dalili hizi, maana aliyegongwa kichwa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba hayuko sawa.

Kuhusu mkono, uinue uvimbe upungue, na usibebe kitu kizito kwa sasa. Usipopata nafuu, rudi kwa daktari akupige picha tena, kwa maana upo mfupa mdogo karibu na kidole gumba ambao ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza.

Kisha uniandikie ulikuwa unawaza nini pale ngazini. Habari za mkono nimeshaletewa na wengine, lakini hili hawakuweza kuniambia.

Ni mimi, mama yako.