Utrasaundi ya mjamzito haiui kansa, jamani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Juzi shangazi yangu kanipigia toka kijijini, kasikia eti kuna utrasaundi inaua kansa, anauliza akipiga mbili tatu kwenye ule uvimbe wa ziwa si utanywea? Na kuna mtu keshamwambia alete hela! Mi nasoma kemia, imeniuma.

Hiyo stori ni ya kweli ila imekatwa nusu. Kwenye tiba hiyo sauti peke yake haifanyi hiyo kazi, lazima kuna kitu kimetangulizwa kwenye uvimbe. Watafiti Yumita na Umemura huko Japani walianza na dawa mwaka 1989, siku hizi maabara nyingi hasa za China zinatumia unga wa madini, punje zake unapima kwa nanometa, na milimita moja tu ina nanometa milioni 1. Mmoja ni titaniamu dayoksaidi, ndo uleule unaofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe. Sasa mawimbi yakipigwa, kwenye majimaji vinatokea viputo, vinavimba halafu vinabonyea ghafla, humo ndani joto linaruka hadi maelfu ya nyuzi kwa kufumba na kufumbua na kamwanga kanatoka, elektroni za ule unga zinashtuka zinavamia oksijeni na maji, inazaliwa oksijeni kali inayounguza seli. Uzuri wa sauti ni kwamba ukimulika mwanga toka nje unaishia milimita chache tu chini ya ngozi, sauti yenyewe inazama sentimita kadhaa.

Kasheshe ni kwamba uvimbe mara nyingi una oksijeni kidogo, kwa hiyo wengine wanaongeza platinamu, inavunja haidrojeni peroksaidi iliyomo humo (ile ya kuoshea vidonda inayotoa povu) ili itoe oksijeni. Akili nyingi sana! Lakini ni panya hao, mhariri, panya na seli za kwenye visahani. Binadamu waliojaribiwa, mfano wa uvimbe wa ubongo, walipewa dawa isiyo na madini, na huo unga mwingi unaenda kukaa kwenye ini na bandama, hilo nalo halijaisha.

Sasa mkiandika habari kama hizi hilo neno panya liwekeni kwenye kichwa cha habari, sio aya ya mwisho. Shangazi nimemwambia hela ya huyo jamaa aifanye nauli, aende hospitali ya mkoa akakatwe kinyama kipimwe.

Mwanafunzi wa kemia,
Morogoro