Beau Biden hakufia Iraq, wala hakuwa askari aliyeingia siasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe makala iliyotoka Jumapili iliyopita kuhusu marehemu Beau Biden, mtoto wa kwanza wa Joe Biden, Rais wa zamani wa Marekani. Mwandishi alimwita "askari aliyeingia siasa", kisha akamalizia kwa kusema kwamba alipoteza maisha vitani Iraq. Kauli zote mbili si sahihi, na kosa kubwa ni la kwanza, ingawa naamini wasomaji wengi watalikimbilia la pili.

Nianze na hilo la pili kwa kuwa ni jepesi. Beau Biden alirudi kutoka Iraq Septemba 2009, akaendelea na kazi yake, na alifariki 30 Mei 2015 katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, jimboni Maryland, kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 46. Chanzo cha mkanganyiko nakifahamu. Baba yake amewahi kutamka hadharani kwamba alimpoteza mwanawe Iraq, kwa sababu anaamini moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za Marekani ndio uliomletea ugonjwa. Ni imani ya mzazi aliyefiwa, na wanajeshi waliovuta moshi ule wamepata sheria ya matibabu na fidia ambayo yeye mwenyewe aliitia saini Agosti 2022. Lakini gazeti haliwezi kuigeuza imani hiyo kuwa taarifa ya kifo.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza. Mtu huyu alikuwa mwanasheria kwanza, na hata alipovaa gwanda alilivaa kama mwanasheria. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1994, akafanya kazi katika Wizara ya Sheria ya Marekani mjini Philadelphia, ambako alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, na mwaka 2001 alikwenda Kosovo, vita vikiwa vimekwisha, kusaidia kuwafundisha majaji na waendesha mashtaka wa huko. Ni baada ya hayo yote, mwaka 2003, akiwa ameshavuka miaka 30 na ana familia, ndipo alipojiunga na jeshi la akiba la jimbo la Delaware kama wakili wa jeshi, akafikia cheo cha meja.

Mwandishi wenu alilitafsiri jeshi hilo kuwa "mgambo". Kwa kamusi hajakosea, maana mgambo ni jeshi letu la akiba. Tatizo ni kwamba msomaji wa Tanzania akisikia mgambo, picha inayomjia ni ya kijana mwenye rungu akifukuzana na wamachinga. Jeshi la akiba la jimbo la Marekani ni kitu kingine. Askari wake ana kazi yake ya uraiani, anakwenda kambini mwisho wa juma mmoja kwa mwezi na wiki kama mbili kwa mwaka, na siku za kawaida amiri wake ni gavana wa jimbo. Rais akilihitaji, analiita, na siku hiyo mwalimu, fundi bomba na wakili wote wanafunga mizigo. Kwetu Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, kwa hiyo msomaji akimwona mwanasiasa wa Democratic mwenye cheo cha meja anadhani lazima alivua gwanda kwanza. Beau Biden hakuvua. Alikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye jambo la kujadiliwa ambalo makala ililiruka.

Novemba 2006 alichaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Delaware, akimshinda Ferris Wharton, mwendesha mashtaka mkongwe wa chama cha Republican aliyeijua ofisi ile nje ndani. Sitaficha maoni yangu: kwa uzoefu wa mahakama za jimbo, Wharton alimzidi, na jina la Biden katika jimbo ambalo baba alikuwa seneta tangu 1973 lilikuwa na uzito wake kwenye sanduku la kura. Lakini ofisi yenyewe si ya mapambo. Katika majimbo mengi ya Marekani kila wilaya huchagua mwendesha mashtaka wake; Delaware, yenye wilaya tatu tu, haina utaratibu huo, na karibu mashtaka yote ya jinai, kuanzia wizi mdogo hadi mauaji, huendeshwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Ni kama mtu mmoja apewe kiti cha Mwanasheria Mkuu wetu pamoja na cha Mkurugenzi wa Mashtaka.

Na ofisi hiyo ndiyo aliyoiacha alipoitwa. Tarehe 3 Oktoba 2008, siku moja baada ya baba yake kufanya mdahalo wa wagombea umakamu wa rais, brigedi yake ya mawasiliano, ya 261, iliagwa mjini Dover, ikaelekea Texas kwa mazoezi na baadaye Iraq. Biden hakujiuzulu. Sehemu kubwa ya majukumu ya kila siku alimwachia Richard Gebelein, naibu wake, ambaye miaka mingi nyuma aliwahi kukalia kiti hicho hicho. Mimi niliyetumia zaidi ya miaka 20 katika uwakili wa serikali najua jalada la kesi likibadilisha mkono linapoteza kitu: kuna shahidi uliyemtazama usoni ukajua atasimama imara au atayumba, na hilo huliandiki popote. Kwa hiyo swali la kama kiongozi aliyechaguliwa aweze kuwa mbali karibu mwaka mzima ni swali halali, hata kama sheria iliruhusu na hata kama alikwenda kwa heshima.

Tena si kila doa la ofisi ile lilitokana na safari hiyo. Mwaka 2008, kabla hajaondoka, waendesha mashtaka wake walikubaliana na tajiri mmoja, mrithi wa ukoo mkubwa wa jimbo, akiri ubakaji wa daraja la nne, usio na kifungo cha lazima, badala ya kuendelea na mashtaka mazito zaidi ya kumbaka binti yake yaliyokuwa na adhabu kali. Mapema 2009 mahakama ikampa kifungo cha nje. Habari ilipojulikana kwa upana mwaka 2014, hasira ilikuwa kubwa, na utetezi wa Biden ulikuwa kwamba ushahidi haukuwa na nguvu ya kutosha kushinda kesi. Huenda ni kweli. Nimewahi kufanya makubaliano ya aina hiyo nikiwa na moyo mzito. Ila mwandishi anayeandika maisha ya mtu kama kaswida angalau aitaje kesi hiyo.

Kinachonifanya nimheshimu kilitokea baada ya kurudi. Baba alipokuwa Makamu wa Rais, kiti chake cha Seneti alipewa Ted Kaufman, msaidizi wake wa siku nyingi, na karibu kila mtu Delaware alijua, au alidhani anajua, kwamba Kaufman anamtunzia kijana kiti hadi uchaguzi wa 2010. Desemba 2009 daktari wa watoto wa mji wa Lewes, Earl Bradley, akakamatwa kwa kuwadhalilisha wagonjwa wake, na idadi ya watoto ikapita 100. Malalamiko dhidi yake yalikuwa yamewafikia polisi miaka ya nyuma bila kufika popote. Januari 2010 Biden akatangaza kwamba hagombei, kwa kuwa kesi hiyo inamhitaji. Chris Coons akagombea, akashinda, na yumo Seneti hadi leo. Bradley alihukumiwa mwaka 2011 vifungo 14 vya maisha.

Wapo wanaosema mwaka ule ulikuwa mgumu kwa chama chake na kwamba kesi ilimpa sababu nzuri ya kukwepa. Sikubaliani nao, maana ilipofika Novemba kiti hicho kilichukuliwa na chama chake kwa urahisi. Nakumbuka pia kisa alichosimulia Barack Obama kwenye mazishi: kwamba Beau akiwa kijana alisimamishwa na askari wa barabarani karibu na Scranton kwa mwendo kasi, askari akaona jina kwenye leseni, akataka kumwachia kwa onyo, naye akasisitiza aandikiwe faini.

Naomba basi toleo lijalo lisahihishe mahali na sababu ya kifo chake, na limtaje kwa kazi aliyochaguliwa kuifanya mara mbili, 2006 na 2010, ambayo ni Mwanasheria Mkuu wa Delaware.

Wakili wa serikali mstaafu,
Tanga