Kabla hujawaita kwenye mkeka

Nairobi, Jumapili jioni

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mada ya utafiti wako ni nzuri, sukari na presha kwa wazee wa Kibera na Eastleigh, ila vile vikundi sita vya majadiliano, vyote kwa Kiswahili, vimenitia wasiwasi. Unasema Nairobi kila mtu anakijua. Hapo ndipo nilipojikwaa mimi.

Kibera niliwaketisha akina mama Wanubi wanane pamoja, wazee na wake wa watoto wao. Kiswahili chao kinakishinda changu! Lakini waliojibu ni hao wake wa watoto. Mama wakwe waliitikia kwa vichwa tu. Nikaandika, "Wote wamekubaliana." Siku ya tatu nikaenda kwa bibi mmoja nyumbani, na msaidizi anayezungumza Kinubi, ndipo akafunguka: vidonge vya presha anagawana na dada yake ili vifike mwisho wa mwezi. Hayo angeyasema vipi mbele ya mke wa mwanawe?

Vikundi usivitupe. Vinafaa kujua watu wanauzungumziaje ugonjwa, wanauita nini. Kwa Kisomali presha ni "dhiig kar", damu inayochemka. Mtafsiri akiandika "presha" basi, picha yote imepotea, na huenda sababu ya mtu kumeza dawa siku moja na kuiacha siku nyingine imo ndani ya neno hilo hilo. Na Eastleigh usidhani ni Wasomali peke yao. Waoromo wapo pia.

Mkalimani naye! Mama mmoja alinieleza dakika tatu nzima, mikono ikipaa. Mkalimani akanigeukia: "Anasema hapana." Tangu siku ile narekodi, naandikisha kwa lugha ile ile iliyosemwa, ndipo natafsiri, kisha mtu wa pili anasikiliza sehemu ya rekodi na kukosoa. Na mkalimani asiwe jirani, wala mtoto wa nyumba ile.

Ningekuwa wewe, ningebakiza vikundi viwili, pesa iliyobaki niwatembelee watu kumi na wawili, kila mmoja mara mbili. Ziara ya kwanza ni ya chai tu. Amua sasa, maana ukibadilisha mbinu baada ya kupata kibali, unarudi tena kwa kamati ya maadili ya utafiti, na foleni yake unaijua.

Nitumie maswali yako kabla hujayapeleka. Yule msaidizi wangu wa Kinubi nimeshamuuliza, yuko tayari, ila Ijumaa hapatikani.

Wako wa siku zote