Kaka, usimruhusu aguse hiyo skrubu kwanza

Oya mwanangu, vipi huko kwenye baridi? Huku Dar ni jasho tu, nakuandikia nimekaa barazani mikono inanuka petroli mpaka mama mwenye nyumba kanuna.

Juzi umeniambia pikipiki yako tangu uhamie Mbeya inakula mafuta hatari, alafu ekzosi inatoa harufu, na kuna fundi kakwambia anazungusha skrubu ya kabureta dakika mbili inaisha. Kaka, kabla hujampa pikipiki subiri kwanza nikusimulie yangu, maana wikiendi yote hii nilikuwa na kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, kwenye sahani.

Si unaikumbuka ile cc 125 yangu ya Kichina. Masika yote ilikaa uani chini ya turubai, mimi nilikuwa Tanga kwa mama mdogo. Narudi naipiga kiki, kiki, kiki, wapi. Mpaka nivute choki ndo inawaka, nikirudisha choki inazima. Nikilazimisha nikatoka nayo, barabarani inatembea kama kawaida yake, ila foleni ya Ubungo pale ukiachia mafuta tu, kimya, bodaboda nyuma yangu ananipigia honi kama nimemuibia. Sasa hapo ndo nikajua ugonjwa, maana ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvuta mafuta, inanyonya petroli kupitia jeti ndogo, kale kapini ka shaba kenye tundu, ukivuta mafuta sana ndo inahamia kwenye jeti kubwa. Inatembea lakini haikai sailensa, hiyo jeti ndogo imeziba, wala usiumize kichwa na plagi.

Nikafunga koki, nikachomoa mpira wa mafuta, nati mbili za kumi, kabureta nje. Hapo kwanza nilimuomba dada wa vitumbua ahamishe jiko lake, maana tunashea uani na mkaa ulikuwa unawaka hatua tatu kutoka nilipokaa, akaniambia wewe ndo uhame, mi nimeanza kupika hapa kabla hujanunua pikipiki. Na kweli, nikahama mimi, nikaenda kukaa barazani kwa upepo.

Kufungua bakuli la chini, aisee. Ile petroli iliyobaki ilishakauka yote ikaacha ulimbo, wa kijani kijani, umeshika floti mpaka haichezi. Unajua floti kazi yake ni kama ile ya tangi la choo tu, mafuta yakijaa inapanda inasukuma kisindano kinafunga njia, yakipungua inashuka. Sasa ikigandishwa na ulimbo, ama bakuli halijai ama yanamwagika. Ile jeti ndogo nikaichomoa nikaiangalia juani, giza. Tundu lenyewe ni kama milimita 0.38 hivi, yaani uchafu kidogo tu ushaliziba.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize. Mwaka juzi kuna fundi mmoja wa barabarani aliizibua jeti yangu kubwa na waya wa breki wa baiskeli, mbele ya macho yangu, mi nimesimama nakunywa soda zangu naona fundi kweli huyu. Jeti ni shaba ile, laini, waya wa chuma unalitanua tundu. Toka siku ile pikipiki ikawa inakunywa, plagi nyeusi masizi matupu, ukivuta mafuta yote inabanwa kama imeshikwa shati. Mimi miaka miwili nalaumu petroli ya sheli.

Kwa hiyo safari hii waya hapana. Nikaloweka jeti kwenye petroli safi usiku mzima, asubuhi jirani yangu anayekwenda Feri kununua samaki akaniletea kipande cha mshipi, ule mwembamba wa milimita 0.30, unapita kwenye tundu bila kukwaruza kitu. Nikapitisha taratibu, nikapulizia na pampu ya baiskeli kwenye kila kitundu cha kabureta mpaka nikasikia hewa inatokea upande wa pili. Nikainua tena juani, nikaona kinukta cha mwanga, kiduara kabisa, nikafurahi kama mtoto. Jeti kubwa ile iliyotanuliwa sikuhangaika nayo, nikaenda Kariakoo kununua nyingine. Muuzaji ananipa yoyote tu, bosi hizo zote sawa, nikawasha tochi ya simu nikasoma namba pembeni, kanipa 105 mimi natafuta 100. Namba ndo ukubwa wa tundu kaka, usikubali zote sawa.

Alafu ile skrubu ya mchanganyiko, inayopima petroli na hewa ikiwa sailensa, ndo hiyo fundi wako anataka kuizungusha. Kabla hujaitoa, ifunge kwanza polepole huku unahesabu imezunguka mara ngapi mpaka inagusa, yangu ilikuwa moja na nusu, nikaandika kwenye kiganja. Ikigusa acha, ukikaza ncha inakatikia ndani na hapo ni kununua kabureta nzima. Ukiitoa hakikisha inatoka pamoja na spiringi, kiduara cha bati kinachoitwa washa, na kioringi, yaani kiduara cha mpira, kidogo kama tundu la sindano, changu kilibaki ndani ya shimo nikakitafuta sakafuni nusu saa, mpaka watoto wa jirani nikawaahidi mia mia atakayekiona. Kumbe kiko mulemule.

Nikafunga, nikawasha, ikawaka kiki ya pili! Nikaanza kucheka. Sijamaliza kucheka, ikapanda resi yenyewe, wiiiii, haishuki, nageuza skrubu ya sailensa haisikii, nikazima nikakaa chini. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kumbe wakati wa kufunga oringi kubwa ile ya kati ya kabureta na injini niliibana vibaya ikakunjika, kwa hiyo injini inavuta hewa ya wizi pembeni. Oringi mpya, mambo yakatulia.

Kuitegesha sasa ndo raha yenyewe. Nilizunguka nayo mpaka Mabibo na kurudi ili ipate moto kwanza, ikiwa baridi inakudanganya. Nikapandisha sailensa kidogo, nikaanza kufunga ile skrubu robo robo mpaka ikaanza kukohoa, nikafungua mpaka ikaanza kuwa nzito, katikati ya hapo kuna sehemu mlio unapanda wenyewe na unakuwa laini, pale ndo nikaacha, alafu nikashusha sailensa. Ila angalia yako skrubu iko upande gani. Yangu iko upande wa injini, hiyo ni ya mafuta, ukifungua mafuta yanaongezeka. Ikiwa upande wa eya klina, chujio la hewa, ni ya hewa, ukifungua mafuta yanapungua. Mafundi wengi hawaangalii, wanazungusha tu wanasikiliza.

Na yako wewe naona si ya skrubu kabisa. Hiyo pikipiki ilitegeshwa huku pwani, usawa wa bahari, wewe umeipandisha mpaka mita kama 1,700, hewa huko nyepesi, mafuta ni yaleyale, lazima mafuta yazidi. Toa plagi uiangalie, ikiwa nyeusi kavu ndo hivo. Anza na sindano ile ya kwenye slaidi, kile kipande cha ndani ya kabureta kinachopanda ukivuta mafuta, juu ina vijimtaro vitano na kipini cha kuishikilia, hamisha kipini mtaro mmoja juu, sindano itashuka na mafuta yatapungua, ukiona bado ndo utafute jeti kubwa yenye namba ndogo kidogo. Usipunguze sana tu, plagi ikiwa nyeupe injini inachemka, unataka rangi ya chai ya maziwa. Na eya klina umeosha lini? Usinijibu najua.

Ukitoa hiyo plagi nipigie picha unitumie kabla hujaifuta. Msalimie shemeji, mwambie ule mchele wa Kyela aliouahidi bado nausubiri. Acha nikimbie, dada wa vitumbua kasema kwa vile pikipiki imepona nimpeleke sokoni Mabibo akachukue unga, na nauli hatoi.