Barua kwa Baba kuhusu Jengo la Chilehaus

Hamburg, Ujerumani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na natumaini wewe, Mama na wadogo zangu hapo Chumbageni, Tanga, ni wazima. Uliniuliza habari za lile jengo lenye umbo la meli katika picha niliyomtumia Mama, nami nimeona nikuandikie, kwa kuwa maelezo yake hayatoshi kwenye simu.

Jengo hilo la ofisi, Chilehaus, lilijengwa kati ya 1922 na 1924, wakati fedha ya Ujerumani ikiporomoka thamani siku hadi siku. Mwenyewe, Henry Sloman, alikuwa amechuma utajiri wake nchini Chile kwa kuchimba shura, ile chumvi ya kutengenezea mbolea na baruti. Msanifu wake, Fritz Höger, alitumia matofali ya kuchoma yapatayo milioni 4.8, mengi yakiwa yamepinda au kuungua kupita kiasi tanuruni, ambayo mafundi wengine wangeyatupa; yeye aliyapenda kwa sababu hakuna mawili yanayofanana rangi, na ndiyo maana ukuta hubadilika kila jua linaposogea. Upande wa mashariki kuta mbili hukutana kwa kona kali mfano wa omo, yaani ncha ya mbele ya meli, na ghorofa za juu zimerudishwa nyuma, moja baada ya nyingine, mithili ya sitaha. Wageni hupiga picha kona hiyo tu, kisha wakaondoka. Kwa maoni yangu ubavu wa kusini ni mzuri zaidi, kwani ukuta mrefu umepindishwa taratibu kuufuata mtaa, na chini ya jengo lenyewe hupita barabara.

Jambo lililonifanya nikukumbuke wewe na miaka yako kwenye korona ya Ngomeni, kile kiwanda cha kusindika mkonge, ni hili: Sloman alipokuwa akijenga, shura yake ilikuwa imekwisha kupata mpinzani, kwa maana wanakemia wa Kijerumani, Fritz Haber na Carl Bosch, walikuwa wamegundua namna ya kutengeneza mbolea kwa naitrojeni ya hewani, na kiwanda kilianza kazi 1913. Nyuzi za plastiki ziliufanyia mkonge wetu vivyo hivyo. Tena miche ya kwanza ya mkonge, aliyoiagiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida, ilipitia bandari ya hapa hapa Hamburg, na kati ya 1,000 ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893. Bidhaa ilitoka Chile na kwetu, lakini ghorofa kumi za fahari zilisimama huku.

Tangu 2015 jengo limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na ofisi zake bado zinapangishwa. Nakuomba, Baba, uniandikie ni majengo gani ya fedha ya mkonge yaliyobaki mjini, na kama kuta zake ni za matumbawe na chokaa au za saruji.

Mwanao akupendaye